Magitaa Mawili ya Abdinoor

Jumatatu, 5 Agosti 1996

Kazi nimepewa mimi. Kanisa litanunua gitaa la umeme, na dukani yako ya aina mbili: la kawaida, na lile wanaloliita dilaksi. Sura moja, jina moja la kiwanda, bei mbili. Kamati inataka mtu wa kuyalinganisha. Kiilu alitaja jina langu, Mama Nthenya akaunga mkono. Sijui muziki. Ndiyo sababu walinichagua — asiyejua muziki hana upande.

Lazima lipatikane kabla ya Jumapili ya tarehe 18. Siku hiyo litawekwa wakfu. Na kwetu kitu kikishaombewa hakirudi dukani. Ile ngoma iliyopasuka mwaka wa tisini ingali stoo hadi leo, panya wamezaa ndani yake, na hakuna anayethubutu kuitupa. Kwa hiyo nafasi ya kukosea hakuna.

Mpigaji ni Bwire. Hapo ndipo penye ugumu. Bwire anataka kumwoa binti yangu Lorine. Wajomba zake watatoka Busia waje hapa nyumbani Kaloleni Jumamosi ya tarehe 24. Nimewapelekea neno mapema: nitawapokea kwa chai na kwa heshima zote, mradi kijana wao ana kazi. Kazi anayo, ya kibarua, katika kiwanda cha sufuria. Nyapara wake ni huyu huyu Kiilu wa kamati. Kila asubuhi Kiilu husimama langoni na kunyoosha kidole: wewe, wewe, na wewe. Asiyenyooshewa hurudi nyumbani.

Leo Bwire amepita hapa. Nikamuuliza angependa gitaa lipi. Nilitarajia jibu la vijana wote — lile linalong'aa. Akasema la kawaida. Hakufikiri hata kidogo. Nikamuuliza sababu.

"Hiyo ya kawaida iko poa tu, Mwalimu."

Hiyo si sababu. Hata si sentensi.

Tena amenisalimia kwa mkono mmoja. Kijana aliyelelewa vizuri humpa mzee mkono wa kulia na kuushikilia kwa wa kushoto. Wake wa kushoto ulikuwa mfukoni. Haukutoka. Nimeandika.

Jumanne, 6 Agosti

Duka la Abdinoor, Pumwani. Nimetembea kwa miguu. Redio, pasi, tochi, na saa za ukutani kumi na mbili, kila moja inaonyesha wakati wake. Mtu anayeuza saa zisizokubaliana — nitamwamini kwa lipi?

Magitaa ya kawaida yako matano, yametundikwa ukutani, yana vumbi. La dilaksi ni moja tu, liko ndani ya kabati la kioo lenye kufuli. Hilo nalo nimelitia akilini.

Abdinoor analisifu la dilaksi kama mtu anayemwoza binti yake. Rangi ya damu ya mzee, inang'aa mpaka unaona uso wako. Vigingi vya nyuzi vya rangi ya dhahabu. Kifimbo cha chuma cha kuitikisa sauti. Vinasa sauti vitatu chini ya nyuzi. La kawaida lina viwili, na rangi yake ni nyeusi tupu. Nikamwambia ayafungue yote mawili nione ndani. Alinitazama kwanza. Akasema hata daktari humuuliza mgonjwa kabla ya kumpasua. Lakini bisibisi akaichukua.

Ndani — waya zile zile, rangi zile zile. Mbao ile ile nyeupe na laini. Dhahabu ya vigingi nimeikwaruza kwa ukucha. Chini yake ni bati kama la kijiko cha chai. Abdinoor aliniona, akageuka kutafuta kitu rafuni.

Tofauti za kweli ni mbili tu: kinasa sauti cha tatu, na shingo. Shingo ya la kawaida ni nyembamba kama mpini wa mwiko, haina vanishi. Ya la dilaksi ni pana, nene, imepakwa vanishi mpaka kiganja kinateleza. Kitu kinene ni cha kudumu. Hoja moja kwa la dilaksi.

Nikiwa njiani kurudi nikajiuliza: mbona anasifu hilo moja na kuyanyamazia matano yenye vumbi? Huenda amenisoma. Amejua mimi ni mbishi, kwamba akivuta huku nitavuta kule.

Alhamisi, 8 Agosti

Nimerudi dukani saa saba mchana bila kutoa habari. Vizuri kwamba sikutoa habari!

Nilimkuta Bwire. Ameketi juu ya kreti ya soda, ameinamia gitaa la kawaida, mgongo ameupa mlango. Abdinoor ameinama karibu naye, wanasemezana kwa sauti ya chini. Nilipobisha hodi walinyamaza kwa pamoja. Bwire akaliweka gitaa chini, mkono ukaingia mfukoni, akasema lazima aiwahi kengele ya kiwanda. Akatoka akinipita ubavuni.

Nikamuuliza Abdinoor walikuwa wakizungumza nini. Habari za nyuzi, akasema. Nikamuuliza kijana huyu huja mara ngapi. Akaanza kupangusa kioo ambacho hakikuwa na doa.

"Huja kama wateja wengine, Mwalimu."

Jumanne nilikuwa "mzee". Leo nimekuwa Mwalimu. Ni nani aliyemwambia?

Sasa naona jinsi jambo lilivyo. Abdinoor ana magitaa matano yasiyonunulika. Bwire atalipendekeza la kawaida, kanisa litalinunua la kawaida, Abdinoor atampa kijana kitu kidogo kimya kimya. Sijathibitisha. Lakini mwaka wa 1971 nilimkamata mwanafunzi akiuza majibu ya mtihani, na mwanzo wake ulikuwa huo huo: watu wawili wanaonyamaza kwa pamoja.

Ijumaa, 9 Agosti

Adhuhuri duka la Abdinoor limefungwa kwa swala. Nimerudi mikono mitupu.

Nyumbani, mkoba wa Lorine ulikuwa wazi juu ya kiti. Ndani nimeona bandeji mbili na kijiti kilicholainishwa kwa msasa. Yeye ni muuguzi wa zahanati, bandeji si ajabu. Lakini bandeji za zahanati hukaa zahanati. Nimemuuliza mgonjwa gani hutibiwa kutoka mkobani. Akasema wagonjwa hawatajwi, Baba.

Jibu sahihi. Nilimlea hivyo. Bado sikulipenda.

Jumamosi, 10 Agosti

Soko la Burma, kununua ratili ya nyama. Ni nani nimemwona kwenye benchi la supu? Bwire. Saa nne asubuhi, bakuli katika mkono wa kulia, anakunywa bila kijiko. Sikujificha. Nilisimama nyuma ya mbuzi waliotundikwa, mahali ambapo hakuniona.

Alipoondoka nikamwendea muuza supu. Nikamuuliza kama kijana yule ni mteja wake. Mtu yule akacheka.

"Huyo? Huyo ni wangu wa kila siku, mzee. Wiki mbili sasa. Anataka ya mifupa pekee. Nyama hata ukimpa bure anasema weka mfupa."

Wiki mbili, kila siku! Kibarua anayesubiri kunyooshewa kidole langoni anakunywa supu kila siku? Analipiwa na nani?

Nimerudi na nyama na sikuipika.

Jumapili, 11 Agosti

Kwaya imeimba bila chombo. Gitaa letu kavu, lisilo la umeme, lilipasuka mgongo mwezi wa Juni. Bwire aliimba sauti ya tatu, mikono nyuma kama askari. Lorine alimtazama zaidi ya alivyotazama kitabu cha nyimbo.

Mama Nthenya ameniuliza nimefika wapi. Nikasema mambo ni mengi kuliko magitaa. Hakuelewa, nami sikumweleza.

Jumanne, 13 Agosti

Siku ya jaribio. Nitaandika kwa urefu.

Kwa miaka ishirini nilisahihisha mitihani ya taifa. Hatukuona majina, tuliona nambari. Msahihishaji asiyejua karatasi ni ya nani hawezi kupendelea. Njia hiyo ndiyo niliyoitumia leo. Abdinoor amenikopesha magitaa yote mawili na kipaza sauti. Nimemwachia kitambulisho changu. Saa kumi na mbili na nusu jioni kanisani: Bwire nyuma ya pazia la kwaya pamoja na magitaa, Kiilu na Mama Nthenya kwenye benchi, kila mmoja na karatasi yake. Ubeti ule ule wa wimbo ule ule, mara mbili. Apige lipi kwanza, nimemwamulia mimi kwa kunong'ona.

La kwanza — sina sikio la muziki, lakini lilitiririka. Mama Nthenya alianza kutikisa mguu kabla hajakumbuka kwamba yeye ni mwamuzi.

La pili — kama mtu anayetembea na kokoto ndani ya kiatu. Sauti nyingine zilichelewa, nyingine hazikuwapo kabisa. Aliacha katikati, akaanza upya, akaacha tena. Kiilu alicheka na kuuliza kwa sauti kama mpigaji amebadilishwa.

Wote wawili waliandika: la kwanza. Nikavuta pazia. La kwanza lilikuwa la kawaida. Bwire alikuwa na jasho usoni kama aliyebeba saruji. Mkono wa kushoto ulikuwa tayari mfukoni.

Kiilu akasema basi, neno limekwisha, tuchukue la kawaida na pesa zinazobaki tununue sare za kwaya. Mama Nthenya akaanza kukunja karatasi yake.

Nikawaomba tutoke nje kidogo.

Nimefundisha miaka thelathini na minne. Namjua mtoto asiyeweza. Namjua pia mtoto anayeweza na anayejiangusha kwa makusudi. Mpigaji aliyelipiga gitaa moja vile hawezi kushindwa na dada wa gitaa hilo dakika tatu baadaye. Nyuzi sita kwa sita! Bwire amelichezea vibaya la dilaksi ili tulikatae. Nikawaeleza yote: kreti ya soda, kunyamaza, supu ya kila siku, mkono usiotoka mfukoni.

Mama Nthenya alisema labda kijana alikuwa na woga tu. Kiilu hakusema hivyo. Kiilu alijikuna kidevu.

"Mwalimu, afadhali umesema. Hata kazini siku hizi anavaa glavu mpaka wakati wa chai. Kuna kitu anaficha. Mimi nitamwangalia vizuri."

Nilifurahi kwamba si mimi peke yangu ninayeona.

Jumatano, 14 Agosti

Nimelinunua la dilaksi. Kamati imekubali, mimi na Kiilu dhidi ya mmoja. Mama Nthenya ndiye yule mmoja.

Ajabu ya leo: Abdinoor, aliyelisifu hilo gitaa kama binti, leo hakulisifu. Alilitoa kabatini polepole. Akaniuliza kama nimemshauri mpigaji. Nikamwambia mpigaji si mnunuzi. Akatazama mlangoni, akanitazama mimi, kama mtu mwenye neno mdomoni. Akaandika risiti.

"Mwalimu, kabla hamjaiombea, mlango wangu uko wazi. Hata Jumapili nafungua. Mkishaiombea, mimi siigusi — hiyo imekuwa ya Mungu."

Kwa nini muuzaji azungumze habari za kurudisha siku ile ile anapouza? Ameona matano yake yanabaki ukutani, ndiyo maana.

Gitaa liko ndani ya sanduku lake, chini ya kitanda changu. Ufunguo uko mfukoni mwa koti, pamoja na daftari hili. Hakuna mtu atakayelibadilisha.

Ijumaa, 16 Agosti

Bwire alikuja saa kumi na mbili jioni, ametoka kazini moja kwa moja, vumbi la bati kwenye nyusi. Hakutaka kuketi.

"Mwalimu, nipe hata nusu saa nayo. Hapa hapa sebuleni, ukiwa unaona. Niizoee kabla ya Jumapili."

Nikamjibu kwamba anayelijua gitaa hahitaji mazoezi, na asiyelijua angesema mapema. Nikamkumbusha Jumanne. Akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha, akasema sawa. Alipoaga alitoa mkono mmoja. Sikuupokea upesi.

Lorine alikuwa mlangoni pa jikoni na sufuria ya mboga. Aliirudisha jikoni. Hatukula pamoja.

Jumamosi, 17 Agosti

Nimeandika ratiba ya kesho kwa mkono, nakala tatu. Wimbo wa kufungua. Neno. Sala ya kuliweka wakfu gitaa. Kisha: Bwire atapiga utangulizi peke yake.

Kiilu amekuja kanisani tulipokuwa tukipanga viti. Anataka mpigaji asikae pembeni na kwaya. Akae mbele, auelekee umati. Yeye Kiilu atakaa benchi la kwanza. Anasema tangu Alhamisi amemtazama kazini kila dakika, na kijana huyu hunyanyua mizigo kwa mkono mmoja, wa pili anauegemeza tu. Anasema kiwanda si mahali pa mtu mwenye jambo la kuficha, na kesho hapatakuwa na glavu.

Nimekubali. Kiti nimekiweka mwenyewe. Hatua mbili kutoka kwenye benchi lake.

Jumapili, 18 Agosti

Saa tatu kasorobo asubuhi. Nimeketi kwenye benchi la nje, dukani kwa Abdinoor. Ibada ni saa nne. Ninaandika kwa sababu nikiacha kuandika nitaanza kutembea huku na huku kama mwehu, na watu wa Pumwani wanapita.

Saa moja asubuhi nilikuwa mezani, nikiisoma ratiba kwa sauti kama nifanyavyo kila Jumapili. Nilipofika "Bwire atapiga utangulizi peke yake", Lorine aliweka birika chini. Akasema, "Baba, hawezi."

Akaniambia yote akiwa amesimama. Wiki ya mwisho ya Julai, mashine ya vifuniko vya sufuria ilikibana kidole cha pete cha mkono wa kushoto cha Bwire. Kimevunjika mahali pawili. Akakifunga kwa kitambaa, akamaliza zamu. Kibarua aliyeumia huambiwa akapumzike mpaka apone, na akipona hukuta nafasi yake imejaa. Hivyo hakumwambia mtu. Alimwendea Lorine. Lorine ndiye aliyekinyoosha, ndiye anayekifunga kwa kijiti kila jioni. Hakikunjiki. Huenda hakitakunjika kamwe.

Supu ya mifupa: wenzake walimwambia mfupa huunga mfupa.

Kreti ya soda: kila saa ya chakula alikuwa akijifunza kupiga kwa vidole vitatu. Kwenye shingo nyembamba ameipata njia. Kwenye ile nene hakipo cha kufanya, mkono hauzunguki. Abdinoor alimpa kreti, na akamwahidi kunyamaza.

Basi siri ilikuwapo. Nilijua ipo! Nilikuwa sahihi katika kila kitu, isipokuwa jambo lenyewe.

Nikamwambia Lorine kwamba ningeambiwa mapema tusingefika hapa. Nilitaka iwe karipio. Hakuinamisha macho.

"Hukuuliza, Baba. Wewe huandika kwanza."

Kisha akasema lile nililokuwa nikilijua kabla hajalisema. Leo saa nne Bwire ataketi hatua mbili mbele ya Kiilu, mkono wazi, na gitaa asiloweza kulipiga. Kesho langoni Kiilu hatamnyooshea kidole. Na Jumamosi wajomba zake wakifika, mimi sitawafungulia, maana nilitoa neno langu. Lorine hakulia. Alichukua birika akarudi jikoni, na chai haikumiminwa.

Nililivuta sanduku kutoka chini ya kitanda, nikalibeba mwenyewe mpaka hapa. Si mbali, lakini ni zito. Unene wake niliuandika kama sifa, nadhani. Sitafungua kurasa za nyuma kutazama.

Abdinoor alikuwa akifungua makomeo. Alilipokea sanduku kwa mikono miwili, akaingia, akarudi na lile jeusi, amelipangusa vumbi. Akaniwekea mapajani.

Nimefanya jambo ambalo sikulifanya katika wiki mbili za kulinganisha. Nimeishika shingo kama mpigaji. Nikakikunja kidole cha pete ndani ya kiganja, nikajaribu na vitatu. Kwenye jeusi, vilizunguka na kufika. Vidole vya mzee, vigumu, vimezoea chaki, lakini vilifika. Nikamwomba Abdinoor alilete tena la dilaksi. Nikajaribu vile vile. Kiganja kikateleza, kidole cha kati kikabaki hewani. Nikajaribu tena. Kikabaki hewani.

Dakika moja tu ilitosha. Ningeifanya tarehe 6.

Sasa Abdinoor ameleta kitabu chake cha risiti. Tofauti ya bei ameitia kwenye bahasha, ameiweka juu ya meza ya kioo iliyo hapa mlangoni. Karatasi ina mstari mmoja mtupu: Sababu ya kurudisha. Kiilu ndiye mweka kumbukumbu wa kamati, ataisoma.

Nikiandika gitaa lina kasoro, nitakuwa nimemsingizia Abdinoor, naye amesimama hapa mbele yangu. Nikiandika mpigaji haliwezi, nitakuwa nimemuuza Bwire kwa mwandiko wangu mwenyewe. Nimeandika: Mlinganishaji alikosea. Maneno mawili. Katika miaka yote sijawahi kuyaandika juu yangu.

Kiti nitakirudisha pembeni, penye kwaya. Nitaulizwa kwa nini. La Jumamosi bado silijui. Neno nililitoa mbele ya watu.

Nimeinua kichwa. Kiilu yuko ng'ambo ya barabara. Suti ya kijivu, Biblia kwapani. Njia yake ya kwenda kanisani hupita hapa, nami nililisahau hilo. Amesimama. Anatazama: mimi peke yangu, bila kamati, asubuhi ya Jumapili, gitaa la bei ya chini mapajani mwangu, bahasha mezani, na mtu wa duka ameniinamia, tunasemezana kwa sauti ya chini. Tulipomwona tulinyamaza kwa pamoja.

Najua anachofikiri. Ningefikiri hicho hicho.

Abdinoor ananong'ona nitie sahihi upesi kabla hajafika. Nimemjibu nitatia akiwa anaona, na bahasha ibaki hapo hapo juu ya kioo. Risiti nimeigeuza iielekee barabara.

Ataisoma. Atauliza nilikosea nini. Hilo ndilo swali, na jibu lake si langu kulitoa.

Anavuka.